Fundisha dawa za kifafa na za akili kwa kalenda

BARUA

Ndugu washauri, salaam.

Ninafundisha stashahada ya famasia katika chuo kimoja cha nyanda za juu kusini, Tanzania. Semista hii nimekabidhiwa tiba ya magonjwa ya mfumo wa fahamu na ya akili: saa 30 za darasani, wiki 2 za fildi, wanafunzi 46. Notisi nilizozikuta zimepangwa kwa makundi ya dawa, na kila dawa ina vipokezi vyake, dozi yake na orodha ndefu ya maudhi yake. Wanafunzi wamezikariri vizuri, na kwenye jaribio la katikati ya semista wengi walivuka alama 70.

Halafu wakaenda fildi. Mmoja alimhudumia binti wa miaka 22 mwenye cheti cha valproeti ya sodiamu, dawa ya kifafa, miligramu 500 mara mbili kwa siku. Alimwambia, "Asubuhi kimoja, jioni kimoja, usikatishe," akamwita anayefuata. Wa pili alikuwa dirishani siku kijana mmoja aliporudishwa na kaka zake, shingo imepinda, macho yamekwama juu, ulimi nje. Alikuwa na siku 2 tu tangu aanze haloperidoli, dawa ya akili. Mwanafunzi wangu akasema ni pepopunda. Kaka zake walikuwa wameshaanza kupanga safari ya kwa mganga, mpaka muuguzi alipoingilia kati. Wa tatu aliulizwa na mgonjwa mbele ya foleni nzima, "Hizi ni za nini?" akajibu kwa sauti, "Za kichaa."

Nipunguze nini kwenye somo na nianzie wapi? Hesabu za dozi ya fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, wanazikimbia, je, niziache? Ni sawa kumleta mgonjwa darasani? Na mtihani niutunge vipi ili wasirudi kwenye kukariri?

Mwalimu wa famasia, nyanda za juu kusini

MAJIBU

Mwalimu, pole kwa hayo, na ahsante kwa kuyaandika wazi.

Wanafunzi wako wamefundishwa dawa ni nini, hawakufundishwa dawa inafanya nini siku ya 2, wiki ya 4 na mwezi wa 6. Katika somo hili makosa mengi ya dirishani ni makosa ya wakati. Mwanafunzi anajua kwamba haloperidoli inaziba vipokezi vya dopamini, lakini hajui kwamba shingo ya kijana hupinda ndani ya siku 5 za mwanzo, na midomo ya mtu mzima huanza kutafunatafuna bila chakula baada ya miezi au miaka. Kwenye notisi yote hayo yamo kwenye orodha moja chini ya neno "maudhi". Kwa mgonjwa ni matukio mawili yasiyofanana kabisa, na kila moja lina hatua yake.

Kwa hiyo anza na mstari ubaoni: saa, siku, wiki, mwezi, mwaka. Kila dawa mnayoisoma ipangwe kwenye mstari huo: lini inaanza kusaidia, lini inaleta shida, shida ipi, nini kifanyike. Mstari huo ubaki ukutani semista nzima.

Kwanza punguza dawa. Saa 30 hazitoshi kwa kila kilichomo vitabuni. Chukua hizi 14 uzifundishe kwa kina: fenobabitali, kabamazepini, fenitoini, valproeti, diazepamu, haloperidoli, klopromazini, flufenazini ya sindano ya muda mrefu, risperidoni, benzheksoli, amitriptilini, fluoksetini, lithiamu, na levodopa yenye kabidopa. Nyingine watazisoma wenyewe wakishajua namna ya kuuliza maswali. Kifafa kipe saa 10, skizofrenia na saikosisi nyingine 8, sonona na wasiwasi 5, ugonjwa wa hisia mbili 2, Parkinson 2, na 3 zilizobaki ziwe za majaribio ya vitendo.

Tuichukue haloperidoli, kwa kuwa ndiyo iliyomkwaza mwanafunzi wako. Siku 1 hadi 5: misuli kukakamaa ghafla, hasa kwa vijana wa kiume. Shingo inapinda, taya linabana, macho yanapanda juu, na mgonjwa ana fahamu zake zote na anasikia kila mnachosema. Swali la kwanza dirishani liwe moja tu: "Ameanza dawa gani, na lini?" Pepopunda haimfuati mtu siku 2 baada ya haloperidoli bila sababu; huwa kuna kidonda au historia ya jeraha, na mkazo wake hautoki kwa sindano moja. Wafundishe pia kuuliza kuhusu metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, maana nayo huleta shingo iliyopinda vilevile kwa wasichana ambao hawajawahi kumeza dawa ya akili hata siku moja. Tiba ni promethazini miligramu 25 hadi 50 au biperideni miligramu 5, sindano ya msuli, na mara nyingi mgonjwa hulegea ndani ya nusu saa. Mwanafunzi haandiki sindano hiyo. Kazi yake ni kutambua, kumpeleka mgonjwa kwa daktari papo hapo na kuangalia kama anapumua vizuri, kwa sababu misuli ya koo nayo inaweza kubana. Haloperidoli bado imo mwilini sindano ikiisha nguvu, kwa hiyo daktari huongeza benzheksoli ya vidonge kwa siku chache.

Siku chache hadi wiki chache baadaye inakuja shida inayokosewa kuliko zote. Mgonjwa hawezi kutulia. Anakaa, anainuka, anazunguka chumba, anasema miguu inamsumbua kwa ndani. Ndugu wanaripoti kwamba "amechachamaa", dozi inapandishwa, na hali inazidi, kwa sababu dawa yenyewe ndiyo inayomzungusha. Mwanafunzi ajue kuuliza: "Unahangaika kwa sababu ya mawazo, au ni mwili unaokataa kukaa?" Jibu la pili limrudishe kwa daktari apunguziwe dozi au apewe propranololi, mradi hana pumu.

Wiki hadi miezi: kutetemeka, hatua fupi, uso usio na mabadiliko. Miezi hadi miaka: midomo na ulimi kuchezacheza, na hapo benzheksoli haisaidii, inaweza hata kuzidisha. Benzheksoli isiwe rafiki wa kudumu wa haloperidoli kwa kila mgonjwa. Inafunga choo, inakausha mdomo, inavuruga kumbukumbu, na wapo wanaoitafuta kwa ajili ya kulewa. Dozi ya mwisho isiwe ya usiku, kwa kuwa inafukuza usingizi.

Kuna jambo moja lisilo na siku yake maalumu, ingawa wiki 2 za mwanzo ndizo hatari zaidi: homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho jingi, kuchanganyikiwa. Kwetu homa huitwa malaria kabla ya kipimo. Hata kipimo cha malaria kikiwa chanya, mgonjwa wa haloperidoli mwenye homa na ugumu wa misuli haondoki na mseto mkononi. Dawa ya akili inasimamishwa, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu wale kaka na mganga, fanyeni igizo la dakika 5: mgonjwa, ndugu, mfamasia. Ndugu aseme, "Hili ni jini." Mwanafunzi asibishane naye kuhusu majini. Aseme: "Kaka, dawa aliyoanza juzi imebana misuli ya shingo. Ipo sindano ya kuilegeza, tunampeleka kwa daktari sasa hivi." Sentensi hizo mbili wazitamke mpaka zitoke zenyewe. Igizo hilo hilo litumike kwa swali la "Hizi ni za nini?" Mwanafunzi anashusha sauti, anasogea karibu au anampeleka pembeni, anamwuliza, "Daktari alikueleza nini?" kisha anajibu kwa dalili za mgonjwa mwenyewe: "Ni za kupunguza zile sauti zinazokusumbua na kukupa usingizi mzuri." Neno "kichaa" lisitumike darasani hata kwa utani, kwa sababu linalosemwa darasani ndilo litakalosemwa dirishani.

Kifafa kina kalenda ya aina nyingine. Fenobabitali kwa mtu mzima hupungua nusu mwilini kwa siku 3 hadi 4 hivi, na kiwango chake hutulia baada ya wiki 2 hadi 3. Mgonjwa aliyeanza miligramu 60 kila usiku na akaanguka siku ya 5 hajashindwa na dawa; dawa haijafika. Mwanafunzi asiyejua hilo atamkubalia ndugu anayesema haifanyi kazi, na wiki ya pili mgonjwa atakuwa na dawa mbili mahali pa moja. Kwa upande mwingine, dawa ikikatishwa ghafla degedege zinaweza kurudi kwa nguvu na kufuatana bila kukoma. Kwa hiyo mgonjwa aondoke akijua tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo iwe kabla vidonge havijaisha, walau siku 5. Dawa hii ya bei nafuu isidharauliwe darasani. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni fenobabitali iliyowawezesha wengi kurudi shambani na shuleni.

Kabamazepini hujiharibia yenyewe. Inaliamsha ini lizalishe vimeng'enya vinavyoivunja, na kazi hiyo hukamilika baada ya wiki 3 hadi 5. Mgonjwa aliyekaa vizuri wiki 2 anaweza kuanguka wiki ya 4 kwa dozi ile ile. Wengi hudhani wamepewa dawa feki. Mwanafunzi amweleze hilo mapema, siku ya kwanza. Na kwa kabamazepini, fenitoini na fenobabitali, wiki 8 za mwanzo ndizo za kuogopa upele: upele wenye homa, vidonda mdomoni au macho mekundu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kliniki.

Hesabu za fenitoini usiziache, mwalimu. Wanazikimbia kwa sababu zinafundishwa kama fomula tupu. Zifundishe kwa mgonjwa mmoja wa kilo 70 na chaki. Ini lake, tuchukue kwa wastani, linaweza kuvunja miligramu 7 kwa kila kilo kwa siku, yaani 490. Linafikia nusu ya uwezo huo kiwango cha damu kikiwa miligramu 4 kwa lita. Vidonge ni chumvi ya sodiamu, kwa hiyo zidisha dozi kwa 0.92 upate fenitoini halisi. Kisha: dozi hiyo halisi mara 4, gawanya kwa kinachobaki ukiitoa kwenye 490; jibu ni kiwango cha damu.

Kwa miligramu 300, dozi halisi ni 276. Mara 4 ni 1,104, gawanya kwa 214, unapata 5.2. Kiwango kinachotakiwa ni 10 hadi 20, kwa hiyo bado yuko chini. Kwa 400, dozi halisi ni 368. 1,472 gawanya kwa 122, ni 12.1. Amefika. Sasa mwulize mwanafunzi wa nyuma kabisa: tukiongeza 100 nyingine itakuwaje? Karibu wote watasema 19 au 20. Waache wakokotoe. Dozi halisi ni 460. 1,840 gawanya kwa 30, ni 61. Hata 450 tu inampeleka karibu 22. Nyamaza kidogo hapo, wauangalie ubao wenyewe. Mia ya kwanza na mia ya pili ni vidonge vinavyofanana, ila ini lilikuwa limebakiwa na nafasi ndogo sana. Ndiyo maana karibu na dozi hiyo nyongeza huwa miligramu 25 hadi 50, na si kidonge kizima cha 100.

Baada ya hapo wafundishe kupima bila maabara, maana hospitali nyingi za wilaya hazipimi fenitoini kwenye damu. Mgonjwa afuate kidole kwa macho: macho yakirukaruka, mara nyingi amevuka 20. Atembee kwenye mstari, kisigino kwa kidole: akiyumba, anakaribia au amevuka 30. Akichanganyikiwa na kusinzia, 40 na kuendelea. Wenzake kijijini watasema amelewa. Zoezi hili wafanye wao kwa wao, wawili wawili, dakika 10 zinatosha. Na kwa sindano ya fenitoini, mambo mawili yasisahaulike: huchanganywa na maji ya chumvi, kamwe si ya glukosi kwa sababu inaganda kuwa chembechembe, na kwa mtu mzima haipiti miligramu 50 kwa dakika, maana moyo unaweza kusimama.

Somo hili lisikae peke yake. Mgonjwa wa kifafa anaugua malaria, ana VVU, ana kifua kikuu, anatumia uzazi wa mpango kama watu wengine. Kabamazepini hushusha dolutegraviri, dawa ya VVU, kwa hiyo mwenye TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani yake, huongezewa dolutegraviri miligramu 50 saa 12 baada ya ile ya kwanza. Kabamazepini na fenitoini hupunguza lumefantrini iliyomo kwenye mseto, na malaria inaweza isipone sawasawa. Mgonjwa huyo daktari ajulishwe kabla mseto haujatolewa, na afuatiliwe kwa hadubini, kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa hata baada ya kupona. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hupunguza kasi ya ini kuvunja fenitoini. Wanafunzi wakirudia hesabu yetu wakiweka 400 mahali pa 490, kwa mfano tu, yule wa dozi ya 400 anatoka 12 anafika 46. Rifampisini, nayo ya kifua kikuu, huvuta upande wa pili, na ndiyo maana mgonjwa huyu hutazamwa wiki kwa wiki, na tena siku rifampisini inapokoma. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hudhoofisha vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi 3 inabaki na nguvu yake.

Sasa yule binti wa valproeti. Katika kila watoto 100 waliokuwa tumboni mama akitumia dawa hii, karibu 10 huzaliwa na kasoro kubwa za mwili, na 30 hadi 40 huchelewa au hupungukiwa katika ukuaji wa akili. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, mama akiwa hajajua kama ana mimba. Asidi ya foliki miligramu 5 kwa siku inashauriwa, lakini haifuti hatari hiyo. Maswali ya mwanafunzi yawe matatu, pembeni, bila haraka: "Dada, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Unatarajia kupata mtoto lini?" Kisha amwambie asiache dawa mwenyewe, kwa sababu kifafa kisichodhibitiwa kinaweza kumuua yeye na mtoto, na ampeleke kwa daktari kwa barua, si kwa maneno matupu.

Sonona ni fupi kusimulia. Fluoksetini na amitriptilini huanza kusaidia baada ya wiki 2 hadi 4, lakini maudhi huanza siku ya kwanza, kwa hiyo wengi huacha wiki ya pili. Kwa wenye umri chini ya miaka 25 mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni, kwa hiyo waonwe baada ya wiki 1. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mkupuo husimamisha moyo. Mgonjwa mwenye mawazo hayo apewe ya wiki moja moja, na ndugu aitunze. Kwa lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia mbili, damu ya kupima kiwango ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na mgonjwa akanywe kuhusu diklofenaki na ibuprofeni za dukani, maana hupandisha kiwango chake. Kuhara na kutapika nako vivyo hivyo.

Kumleta mgonjwa darasani inawezekana, lakini aliyetulia kabisa, aliyeombwa na kliniki yake, na ajue kwamba akikataa huduma yake haibadiliki. Asiombwe kuonyesha dalili. Alipwe nauli, simu za wanafunzi zibaki nje. Kwa maoni yetu mara nyingi inafaa zaidi kumwalika ndugu anayempa mgonjwa dawa nyumbani, aeleze anavyozihesabu, anavyozificha, anachofanya zikiisha Ijumaa jioni. Naye aje kwa ridhaa ya mgonjwa.

Mtihani ndio utakaobadili usomaji wao. Asilimia 40 ya alama zipeleke kwenye vituo vya vitendo vya dakika 6. Mfano wa kituo: cheti cha mwanamke wa miaka 27, kabamazepini miligramu 200 mara mbili, TLD kimoja kwa siku, na kadi inayoonyesha ana kijiti. Alama 10: kuuliza dawa ameanza lini, 1, kuona tatizo la dolutegraviri na kusema afanye nini, 3, kuona kijiti na kumtajia njia iliyobaki na nguvu, 2, kumwonya kuhusu wiki ya 4 na kuhusu upele, 2, kumwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake, 1, sauti na faragha, 1. Ila mwanafunzi akitaja ugonjwa wa mtu kwa sauti ya kusikika kwenye foleni, arudie kituo chote, hata kama mengine yote amepatia.

Kabla ya fildi ijayo, wasiliana na msimamizi wa famasia kila kituo umwombe kitu kimoja: kiti na pazia pembeni mwa dirisha. Hata mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hawezi kumuuliza binti kuhusu hedhi yake mbele ya watu 30 waliosimama nyuma yake.